Thistlegorm: siku tano katika Mlango wa Gubal

Siku ya 1: Sharm el-Sheikh hadi Sha'ab Mahmoud

Boti ya kulala baharini hung'oa nanga Sharm el-Sheikh, Misri, asubuhi, mara nahodha anaporudishiwa karatasi za kibali. Sha'ab Ali, mwamba ambako Thistlegorm, meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa vitani mwaka 1941, imelala, si mbali sana. Boti za kwenda na kurudi siku hiyohiyo huondoka Sharm saa 10 au 11 alfajiri, na mwendo wake ni saa tatu na nusu hadi nne. Ratiba hii haiendi huko moja kwa moja. Siku ya kwanza ni ya kupimana uwezo, na mahali pa kupimia ni Sha'ab Mahmoud, kwenye mabaki ya meli Dunraven.

Dunraven iligonga mwamba tarehe 25 Aprili 1876 ikitoka Bombay kurudi Uingereza. Imelala kifudifudi, mkuku juu, omo, yaani mbele ya meli, ikiwa kwenye mita 18 hivi na tezi, yaani nyuma, karibu mita 28. Mtu anayeweza kuingia tumboni mwake na kutoka bila kutibua tope anafaa kwa kazi ya kesho. Kinachoangaliwa ni vitu vitatu. Cha kwanza ni uzito wa kiunoni. Mtungi wa alumini unapokaribia kuisha hupenda kuelea, kwa hiyo uzito upimwe mtungi ukiwa na shinikizo la baa 50, si ukiwa umejaa. Anayepima na mtungi uliojaa hujikuta mwisho wa mbizi akivutwa juu kwenye mita 5, mahali hasa anapotakiwa kutulia kwa kituo cha usalama kabla ya kutoka majini. Cha pili ni miguu. Ndani ya meli mapezi hupigwa kwa mtindo wa chura, kwa sababu ukipiga juu na chini, tope na kutu vilivyolala miaka mingi vinainuka na mlango ulioingilia hauonekani tena. Cha tatu ni tochi: mbili kwa kila mtu, na ya akiba iwe mahali ambapo mkono wa kushoto na wa kulia yote inafika.

Jioni, boti ikiwa imefungwa nyuma ya mwamba, ndipo ramani ya Thistlegorm inapotandikwa mezani. Maelezo haya yasirukwe. Asiyejua meli ilikuwa inafanya kazi gani ataona vyuma vilivyorundikana, atarudi juu na picha nzuri asizozielewa.

Meli yenyewe ni ya mizigo, ya mvuke, iliyojengwa na Joseph L. Thompson and Sons huko Sunderland na kushushwa majini tarehe 9 Aprili 1940. Wenye meli walikuwa Albyn Line, waliozipa meli zao majina yanayoanza na Thistle. Sehemu ya gharama ilitoka serikalini, maana vita ilikuwa imeshaanza, na ndiyo sababu meli ya biashara ilifungwa mizinga tezini. Urefu wake ni mita 126.5, upana mita 17.7, na ujazo tani 4,898. Injini yake ina silinda tatu, na mvuke uleule hufanya kazi mara tatu: unaanza kwenye silinda ndogo ya shinikizo kubwa, unapita ya kati, unamalizia kwenye kubwa ya shinikizo dogo. Ilitoa nguvu farasi 1,850, na meli ikaenda noti 10 na nusu, yaani maili 10 na nusu za bahari kwa saa. Hiyo si kasi ya kumkimbia yeyote, lakini meli ya aina hii ilihesabiwa kwa tani inazobeba na makaa inayokula.

Umri wake wa kazi ulikuwa mfupi: safari tatu zilizokamilika. Ya kwanza ilikwenda Marekani kuchukua reli za chuma na vipuri vya ndege. Ya pili ilikwenda Argentina kuchukua nafaka. Ya tatu ilikwenda visiwa vya Karibi, ikarudi na sukari na ramu. Hakuna la ajabu hapo, na ndivyo ilivyo kwa meli za namna hii: zilikuwa zinalisha Uingereza, kisiwa kilichozingirwa na manowari za chini ya maji, mkate na chuma vikitoka ng'ambo. Baada ya hapo ikafanyiwa matengenezo Glasgow, ikapakiwa shehena ya nne.

Tarehe 2 Juni 1941 ikaondoka Glasgow kwenda Alexandria. Njia fupi ya Mediterania ilikuwa imezibwa tangu Italia iingie vitani Juni 1940, hivyo meli za kulihudumia jeshi la Uingereza lililokuwa Misri zilizunguka Afrika nzima. Thistlegorm ilisimama Cape Town kuongeza makaa, ikapanda na upande huu wa mashariki, pwani za Waswahili zikiwa kushoto kwake, hadi Bahari ya Shamu. Ni zaidi ya maili 10,000 za bahari. Kwa noti 10, bila kusimama hata mara moja, ni takriban siku 40, na msafara wa vita hausafiri bila kusimama.

Siku ya 2: Sha'ab Ali, omo na ngama za mbele

Boti huondoka Sha'ab Mahmoud usiku ili ifike kabla ya boti za Sharm. Faida ni kubwa. Saa 12 asubuhi unaweza kuwa na meli nzima peke yako, na saa 4 kamba kumi za boti kumi zinaning'inia juu yake.

Kazi ya kwanza ni kufunga kamba. Kiongozi mmoja hushuka na mwisho wa kamba, anatafuta mahali pa kufungia, anarusha boya dogo juu kuashiria kwamba imekaza. Mahali pa kufungia ndipo penye ubishi wote wa Thistlegorm. Vyuma vinene vya sitaha vinahimili. Reli za pembeni, milingoti na mabati ya daraja la nahodha havihimili kabisa, kwa sababu boti ya tani nyingi inayopanda na kushuka na mawimbi huvuta kwa mikupuo, na kutu haina mnyumbuliko. Vipande vingi vilivyokuwapo miaka ya 1990 vimeng'olewa hivyo, wala si kwa uzee. Desemba 2007 HEPCA, shirika la uhifadhi la Hurghada, lilifunga eneo kwa muda, likaweka maboya 32 yaliyoshikiliwa na vizito vilivyowekwa mbali na meli, likatoboa matundu kwenye mabati ili hewa ya wapiga mbizi isikwame ndani. Kufikia 2009 maboya hayo yalikuwa yamekwisha, na boti zikarudi kujifunga kwenye meli. Wazo lilikuwa sahihi. Lililokosekana ni uzito wa kutosha chini, maana boti nyingi zilipojifunga pamoja ziliviburuta vizito kuelekea kwenye meli.

Matundu yale nayo yana maana yake. Hewa unayotoa mdomoni ndani ya chumba hupanda darini ikakaa hapo. Bati lililokuwa majini tupu sasa lina maji chini na hewa yenye oksijeni juu, na hapo kutu hukimbia. Kwa hiyo ndani ya meli hii usikae bure. Pita, tazama, toka.

Mkondo ndio unaoamua mbizi ya asubuhi. Mlango wa Gubal ni shingo kati ya Ghuba ya Suez na Bahari ya Shamu, na maji ya kupwa na kujaa hupita hapo kwa nguvu. Mara nyingine mkondo wa juu unakwenda huku na wa chini unakwenda kule. Shuka ukiwa umeshika kamba, tangu kwenye ngazi ya boti hadi sitahani. Anayeiachia kwa mita chache tu ili apige picha anaweza kupeperushwa nje ya meli asiione tena, na kilichobaki kwake ni kupanda taratibu, kurusha boya lake la ishara na kusubiri boti ndogo. Kosa lingine la kawaida ni kupanda kwa kamba isiyo yako. Kabla ya kuondoka kwenye kamba, tazama imefungwa wapi, rangi yake ni ipi, na ina alama gani, kwa sababu nusu saa baadaye kutakuwa na nyingine tano pembeni.

Hesabu ya hewa ifanywe kabla, kwa kalamu. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 una lita 2,400. Ukiacha akiba ya baa 50, yaani lita 600, zinabaki 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 30 anatumia 80, maana shinikizo ni mara nne. Hizo ni dakika 22 tu, bado hujapanda. Akipambana na mkondo, lita 20 huwa 30 na dakika hukatika hadi 15. Wanaovuta naitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi kiwango hicho, wana nafuu ya upande mwingine: kwenye mita 30 mwili unapokea naitrojeni kama uko kati ya mita 24 na 25 kwenye hewa ya kawaida, hivyo muda wa kukaa chini bila vituo vya lazima vya kutoa naitrojeni wakati wa kupanda unasogea kutoka dakika 20 kuelekea 30. Lakini naitroksi haiongezi lita hata moja kwenye mtungi, na kikomo chake cha kina ni mita 33 hivi. Mchanga hapa uko kati ya mita 30 na 32, kwa hiyo inatosha kwa meli yote, ila usichimbe shimo.

Mbizi ya kwanza ni ya nje, kuanzia omo. Meli imekaa wima, omo ikitazama kaskazini-magharibi, na sehemu yake ya juu iko kwenye mita 16 hivi. Winchi ya nanga bado iko mahali pake, minene, imefunikwa na matumbawe laini. Nanga moja imeshushwa na mnyororo wake umenyooka mchangani, kwa sababu meli ilizama ikiwa imetia nanga. Nyingine iko juu kwenye tundu lake. Ukirudi nyuma kidogo sitahani unakuta mabehewa ya makaa na ya maji pembeni mwa ngama, yaani vyumba vya mzigo, mbili za kwanza. Ni ya vichwa vya treni ambavyo tutavifikia kesho. Hapo karibu vimelala pia vyombo vya chuma vyenye mabawa mafupi, vilivyokuwa vikikokotwa pembeni mwa omo ili kukata nyaya za mabomu ya majini.

Mbizi ya pili ndiyo ya ngama ya 1 na ya 2. Meli ina ngama tano zinazohesabiwa kutoka omo, na hizi mbili za mbele zina sitaha ya kati, yaani ghorofa ya juu na ya chini. Vifuniko vya mbao vilishaondoka, mdomo uko wazi, mwanga unaingia. Mpangilio mzuri ni kuanza ghorofa ya chini ya ngama ya 2, kupanda ya juu, kuvuka kwenda ngama ya 1 kupitia uwazi uliopo kati yake, na kutokea juu. Ukianza chini, hewa na muda vinakwenda pamoja, kina kikipungua kadiri mtungi unavyopungua.

Malori ya Bedford yamepangwa ubavu kwa ubavu, na juu ya baadhi yake, nyuma kwenye sanduku la mzigo, kuna pikipiki tatu tatu. Hapa inafaa kusimama sekunde thelathini na kuangalia namna mpakiaji alivyofikiri. Meli inalipwa kwa nafasi. Lori tupu ni nafasi inayopotea, kwa hiyo pikipiki zinapakiwa kwenye lori, na lori likifika bandarini linashushwa kwa winchi mara moja na mzigo wake. Pikipiki ni BSA na Norton za kijeshi. Tangi la mafuta, taa, mpini na spoku za magurudumu bado vinaonekana kwenye zile zilizosalimika. Nyingi hazikusalimika. Taa, usukani wa malori, saa za kwenye dashibodi, vyote vimeporwa na watu walioamua kwamba kumbukumbu yao ni bora kuliko macho ya wanaokuja. Tairi zimebaki nzima kwa sababu mpira hauna kutu na hauna soko.

Ngama ya 1 ina gambuti nyingi sana, zimemwagika kutoka kwenye makasha yake, na bunduki zilizofungwa kwenye makasha, ambazo sasa zimegandamana na kuwa tofali moja la kutu na chokaa. Kuna sehemu za ndege na jenereta za magurudumu. Ukiviweka vyote pamoja unapata picha ya jeshi kabla halijatumia chochote: viatu, usafiri, silaha, umeme. Jeshi la Nane la Uingereza liliundwa Misri Septemba 1941, na mashambulizi yake makubwa ya kwanza yalianza Novemba. Shehena hii ilikuwa ya mapigano ya namna hiyo, na zaidi ya mwezi mmoja kabla yake ilikuwa tayari chini ya bahari.

Ukitoka, pita kwenye vyumba vya nahodha nyuma ya daraja. Kuna bafu, na beseni lake la kuogea bado lipo. Kisha kamba, kituo cha usalama mita 5 kwa dakika 3, juu.

Wanaotaka mbizi ya usiku waipate hapahapa, ikiwa mkondo umelala. Nje tu, bila kuingia ndani. Chewa wakubwa na kasa hulala chini ya mabati, na mwanga wa tochi unatoa rangi ambazo mchana huwa za kijivu.

Siku ya 3: tezi, ngama ya 4 na vichwa vya treni

Leo ni upande wa kifo chake, na mtu aonywe mapema kwamba hauna mpangilio wa jana.

Thistlegorm ilifika Bahari ya Shamu Septemba 1941 na kuamriwa kutia nanga Sha'ab Ali, kituo kilichoitwa Safe Anchorage F, kwa sababu ajali ya meli eneo la Mfereji wa Suez ilikuwa imeziba njia. Ikasubiri. Mwamba unakinga mawimbi ya kaskazini, na manowari ya kivita HMS Carlisle yenye mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa imetia nanga jirani. Kwa kipimo cha wakati huo palikuwa mahali salama. Kisichozingatiwa ni kwamba meli iliyosimama, palepale usiku baada ya usiku, haihitaji kutafutwa sana.

Wajerumani walikuwa na habari kwamba meli kubwa ya askari iko njiani kuelekea Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba, ndege mbili aina ya Heinkel He 111 zilitumwa kutoka Krete kuitafuta. Ulikuwa usiku wa mwezi mpevu. Meli ya askari hawakuiona, lakini moja ya ndege ikaona meli zilizotia nanga na kuchagua iliyoonekana kubwa kuliko nyingine. Saa 7:30 usiku mabomu mawili yakaingia ngama ya 4.

Ngama ya 4 ndiyo iliyobeba risasi na makombora. Mabomu mawili peke yake yangeweza kuizamisha meli ya ukubwa huu au yasiweze. Kilichoimaliza ni shehena yake. Wafu walikuwa tisa: mabaharia wanne wa meli na wapiga mizinga watano wa jeshi la majini, ambao sehemu yao ya kazi ilikuwa tezini, karibu kabisa na mlipuko. Baharia Angus McLeay alirudi motoni kumtoa mwenzake aliyejeruhiwa, akapewa Nishani ya George na nishani ya Lloyd's ya ushujaa baharini. Nahodha William Ellis alipewa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Walionusurika waliokotwa na Carlisle.

Mbizi ya asubuhi huanzia tezi kabisa. Sehemu hii imekatika na kulalia ubavu wa kushoto karibu nyuzi 45, hivyo mizinga miwili iliyotazama angani sasa imeelekea pembeni. Shuka hadi rafadha na usukani kwenye mita 27 hivi, kisha geuka mbele. Hapo unaingia kwenye uwazi, na watu wengi hufikiri wamepotea. Hamjapotea. Hiyo ndiyo ngama ya 4: kuta zake zimefunguka nje, hakuna sitaha, hakuna mpaka kati ya meli na mchanga. Makombora yamezagaa, mengine bado ndani ya makasha yake. Usishike kitu. Baruti ya zamani haifi kwa kulowa, na mingine huwa tete zaidi. Vigari viwili vya minyororo vimepinduka katikati ya fujo hiyo.

Soma mabati. Mbele ya ngama ya 4, sitaha imekunjwa kuelekea daraja la nahodha kama kifuniko cha kopo la samaki. Bati lililokunjwa kuelekea mbele na juu linaonyesha nguvu ilitoka nyuma na chini. Kuta zilizofunguka pande zote mbili zinaonyesha ililipuka kutoka ndani, wala si kutoka ubavuni kama ingekuwa torpido. Nusu saa hapo inafundisha kuliko kurasa nyingi.

Ngama ya 3, kati ya mlipuko na daraja, ilikuwa ya makaa ya meli yenyewe. Meli ya mvuke haiwezi kuzunguka Afrika bila kutenga nafasi ya shehena kwa ajili ya chakula cha boila.

Vichwa vya treni ndivyo mbizi ya pili. Vilikuwa viwili, vya daraja la 8F lililosanifiwa na William Stanier, vyenye magurudumu manane ya kuendeshea, kila kimoja tani 72 bila behewa la makaa. Vilifungwa sitahani, kimoja kila upande, kwa kuwa mdomo wa ngama haukuweza kuvimeza. Mlipuko ukavinyanyua vyote viwili na kuvitupa mchangani, kimoja kushoto na kimoja kulia mwa meli. Mabehewa yake ya makaa, yaliyokuwa mbele zaidi, hayakusogea sana. Tofauti hiyo ya mita chache kwenye sitaha ile ile ndiyo ilitenganisha kutupwa na kubaki.

Kukifikia kichwa cha treni kunahitaji mpango. Kiko nje ya meli, kwenye mita 30, na ukiwa njiani mkondo haukingwi na chochote. Nenda kwanza, mtungi ukiwa umejaa, na rudi meli ukiwa na zaidi ya nusu. Ikiwa kutoka ubavuni mwa meli huoni kivuli chake, ahirisha. Maji ya Gubal yanabeba mchanga mwingi, na siku mbaya unaona mita 8 tu. Waliojaribu "kukisia" uelekeo wameishia kwenye jangwa la mchanga na dira mkononi.

Juu ya haya yote kuna samaki wengi mno. Mzia husimama mkondoni juu ya daraja, kolekole hupita kwa kundi wakiwinda, mkunga wamejipenyeza kwenye mabomba. Meli imekuwa mwamba katikati ya mchanga mtupu, na kila kiumbe cha karibu kimehamia.

Baada ya vita ilisahauliwa hadi Jacques-Yves Cousteau, mpiga mbizi maarufu wa Kifaransa, alipoipata mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa habari za wavuvi wa huku. Alitoa kengele, pikipiki na sanduku la fedha la nahodha. Kisha ikasahauliwa tena hadi Sharm ilipojengeka kuwa mji wa wageni, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2017 watafiti waliipiga picha zaidi ya 24,000 na kuziunganisha kuwa mfano kamili wa kompyuta, meli nzima pamoja na mchanga unaoizunguka. Hiyo ni kazi ya maana kuliko kengele yoyote iliyotolewa, kwa sababu sasa kila bati linaloporomoka linaweza kupimwa na kupewa tarehe.

Siku ya 4: Rosalie Moller, kisiwa cha Gubal

Siku mbili baada ya Thistlegorm, usiku wa tarehe 8 Oktoba 1941, ndege za aina ileile zilirudi. Safari hii aliyepatikana ni Rosalie Moller, tani 3,963, iliyotia nanga karibu na kisiwa cha Gubal. Ilikuwa meli kongwe, iliyojengwa Glasgow mwaka 1910 kwa jina la Francis kwa ajili ya Booth Line, kisha ikauzwa mwaka 1931 kwa Moller Line ya Shanghai na kubadilishwa jina. Ilitoka Durban ikiwa na tani 4,680 za makaa ya mawe kwenda Alexandria, hivyo nayo ilipita mbele ya pwani zetu. Bomu liliingia ngama ya 3. Wawili walikufa.

Tofauti na jirani yake ndiyo inayoifanya ifae kuzamiwa siku inayofuata. Makaa hayalipuki kama makombora. Rosalie ilipigwa vilevile, ikazama nzima, imekaa wima, na leo bado ni meli kuanzia omo hadi tezi.

Lakini ni mbizi nyingine kabisa. Mchanga uko mita 50 na sitaha iko zaidi ya mita 30. Naitroksi ya asilimia 32 iliyofaa jana leo ni hatari, kwa sababu kwenye mita 50 shinikizo la oksijeni yake lingefika baa 1.92, mbali sana na kikomo cha 1.4, na degedege chini ya maji ni kifo. Tumia hewa ya kawaida, au asilimia 28 na usivuke mita 40. Mitungi yote ipimwe kwa kifaa na mtumiaji mwenyewe, iandikwe asilimia na kina cha mwisho. Jambo linaloharibika mara nyingi siku ya nne ni mtu kuchukua mtungi wa jana uliobaki kwenye foleni.

Panga dakika 15 chini, tatu za ziada, halafu kamba. Maji hapa ni ya kijani na mazito, ulevi wa naitrojeni kichwani huanza kabla hujaona sitaha, na ukifika unahisi una muda mwingi kuliko ulio nao. Chagua sehemu moja tu, omo au tezi. Kikosi kinachotaka yote mbili hupanda na baa 20.

Siku ya 5: kuelekea Hurghada

Hakuna mbizi leo kwa wanaosafiri kesho. Saa 24 kabla ya kupanda ndege ndiyo hesabu ya kushikwa baada ya siku za mbizi za kurudia kwenye mita 30 na zaidi. Naitrojeni iliyobaki mwilini haina habari na tiketi yako.

Vifaa vioshwe kwa maji ya bomba vikiwa bado na unyevu, hasa vitufe vya jaketi la hewa, kwa kuwa chumvi ya Bahari ya Shamu ni kali kuliko ya kwetu. Kama kamba yenu ilifungwa mahali pabovu, au mmeona boya limekatika, kiongozi wa boti aandike namba na mahali na kuwapelekea HEPCA. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa wanaopanga kuja: Desemba hadi Machi maji hushuka hadi nyuzi 21 au 22, suti ya milimita 7 inahitajika, na upepo wa kaskazini unaweza kuifuta Gubal yote kwenye ratiba kwa siku mbili mfululizo. Julai na Agosti maji hupita nyuzi 27, lakini boti ni nyingi. Mei na Oktoba vinafaa zaidi. Chagua safari inayolala Sha'ab Ali usiku mmoja kamili, si ya kupita tu, maana ngama za mbele na tezi haziwezi kusomwa kwa mbizi moja.